Sikio la kufa halisikii dawa

Methali hii tulifundishwa shule ya msingi, tukaambiwa inamhusu mkaidi, yule asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Leo naomba niitumie kama ilivyo, neno kwa neno. Sikio lililouawa na kelele halisikii dawa. Halisikii kidonge, halisikii matone, halisikii chupa ya virutubisho yenye picha ya jani mbele na maandishi madogo nyuma. Na wapo watu wanaolijua hilo vizuri, au wangepaswa kulijua, na bado wanauza.

Nianze na chenyewe. Wengi wenu mnakifahamu. Umetoka kwenye muziki saa nane usiku, umejitupa kitandani, nyumba iko kimya, halafu sikioni kuna kitu kinafanya "wiiiii". Kwa kawaida ukiamka kimeshaondoka. Kuna wenzetu ambao hakikuondoka. Kiko nao asubuhi, kiko nao kwenye daladala, na usiku ndio kinatamba. Madaktari wanaita tinitasi. Mtaani tunasema masikio yanalia, au yanavuma.

Mimi ni mmoja wao. Miaka miwili iliyopita nilipangiwa kuripoti tamasha la muziki, na sehemu waliyotutengea waandishi ilikuwa mbele kabisa ya spika, zile za kupangwa moja juu ya nyingine mpaka zinazidi urefu wa mlango. Saa tano nzima. Nikatoka na habari yangu, na sikio la kushoto likatoka na mlio wake. Mpaka leo ninapoandika haya, upo.

Sasa basi, kilichonifanya niandike si sikio langu. Ni Msimbati.

Kwa asiyepajua, Msimbati ni pwani ya Mtwara Vijijini, zaidi ya kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, jirani na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji baharini. Ng'ambo ni Msumbiji. Nchi nzima imelisikia jina hilo kwa sababu ya gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982. Msimbati pia imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Mchanga mweupe, minazi, maji ya rangi ambayo ukipiga picha watu wanadhani umeichezea kwenye kompyuta.

Lakini pwani yetu, kusini hadi kaskazini, ina historia nyingine: baruti. Uvuvi wa mabomu umekuwepo Tanzania tangu miaka ya 1960. Sheria zilikataza, doria zikapita, watu wakafungwa, wengine wakapoteza vidole na mikono, na bado milipuko ikaendelea. Mwaka 2015 watafiti walipita baharini na vinasa sauti vya chini ya maji kuanzia mwisho mmoja wa pwani hadi mwingine. Katika siku 31 walinasa milipuko 318. Sehemu kubwa, kama asilimia 62, ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo wale mnaodhani haya ni mambo ya "watu wa kusini" mjipange upya.

Tumezoea kuhesabu hasara ya baruti kwa matumbawe na samaki. Ni sawa, tumbawe likivunjwa leo wajukuu ndio watakaoliona likirudi, kama litarudi. Lakini kila mlipuko una mtu aliyeurusha, na mtu huyo ana masikio mawili. Sauti husafiri kwenye maji kwa mwendo wa kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Na samaki wengi waliouawa na baruti huzama, kwa hiyo lazima mtu apige mbizi kuwakusanya. Chombo cha jirani kikirusha bomu lake wakati huo, aliye chini ya maji anapokea msukumo huo kwa mwili mzima.

Nilikwenda huko kwa habari ya uvuvi. Nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyeacha baruti miaka mingi iliyopita, jina lake silitaji kwa sababu zinazoeleweka. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mkewe ndiye aliyenijibia kutoka jikoni: "Pita upande wa huku, mwanangu. Lile sikio jingine lilishakufa."

Nikahamia upande wa pili, tukaongea vizuri tu. Anasema kichwani mwake kuna nyenje. Nyenje wa mchana na usiku, kiangazi na masika. Kipindi kibaya kwake ni alfajiri, maana pako kimya na nyenje wanabaki peke yao. Adhana haisikii. Mkewe anamgusa bega.

Halafu akamwambia mkewe alete "ile dawa". Zikaja chupa mbili, moja tupu na moja nusu. Nikaitambua pale pale. Jani lenye umbo la kipepeo, jani la mti wa China uitwao ginko. Pembeni zinki, magnesia na vitamini za kundi B. Mimi mwenyewe nilikuwa na chupa ya namna hiyo hiyo kabatini kwangu mjini!

Aliletewa na dada mmoja wa mjini aliyekuja na ile mashine mnayoijua. Unashika kijiti cha chuma mkononi, kompyuta inalia kidogo, na baada ya dakika moja inakwambia figo zako zikoje, ini lako likoje, na masikio yako yamekosa "lishe". Mzee akalipa kwa pesa ya korosho. Chupa mbili. Aliambiwa "dozi kamili" ni chupa sita.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo nawaletea leo. Lakini hasira bila maelezo ni kelele nyingine, kwa hiyo tuangalie sikio lenyewe.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojiviringisha kama konokono, kinaitwa koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo vinainama na kuinuka kama nyasi kwenye upepo, na kila kinapoinama ujumbe unakwenda kwenye ubongo. Kelele ya wastani inavichosha, kisha vinapumzika na kurudi. Kelele kubwa mno inavivunja. Na binadamu hana uwezo wa kuota seli hizo upya. Kuku anao, sisi hatuna. Idadi uliyozaliwa nayo ndiyo hiyo hiyo.

Sasa ubongo ulizoea kupokea habari kutoka kila kona ya lile konokono. Kona moja ikinyamaza, ubongo unafanya kama mtu mwenye redio inayokamata vibaya: unaongeza sauti. Matokeo yake unaanza kusikia mkwaruzo wa redio yenyewe. Ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu mlio huu. Shida ilianzia sikioni, lakini mlio unatengenezwa kichwani.

Ukishaelewa hivyo, jiulize: kidonge cha zinki kinakwenda kufanya nini hapo? Seli zilizokufa hazina njaa. Huwezi kumlisha marehemu.

Msinielewe vibaya, sisemi kila kirutubisho ni utapeli. Mtu aliyepungukiwa kweli vitamini B12, na akapimwa damu ikaonekana hivyo, atibiwe upungufu huo. Kuna hata jaribio la mwaka 1994 Israel, ambapo askari vijana 300 waliokuwa wanaanza mafunzo ya silaha waligawanywa, wengine wakapewa magnesia kila siku na wengine kinywaji kisicho nayo. Waliopewa magnesia waliumia masikio kidogo kuliko wenzao. Ila angalieni: walipewa wakati wa mafunzo, ili kuzuia. Hakuna aliyefufuliwa sikio lake. Muuzaji akikutajia utafiti, muulize ulikuwa wa kuzuia au wa kutibu.

Kuhusu kutibu, majibu tunayo muda mrefu. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio la ginko lililohusisha watu 1,121 wenye tinitasi. Nusu walimeza ginko kwa wiki 12, nusu vidonge bandia visivyo na kitu, na wao wenyewe hawakujua nani kapewa nini. Mwishoni, kati ya watu 360 waliomeza ginko, 34 walisema mlio unawasumbua kidogo kuliko mwanzo. Kati ya watu 360 waliomeza vidonge bandia, waliosema hivyo ni 35. Soma tena namba hizo. Kidonge kitupu kilishinda kwa mtu mmoja!

Mwaka 2014 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba wagonjwa wa tinitasi sugu wasishauriwe ginko, melatonini, zinki wala virutubisho vingine. Mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane walirudia kuzipitia tafiti za ginko, na hawakupata ushahidi kwamba inasaidia.

Na kama unadhani tatizo ni ginko tu na wenye fedha watapata kitu bora zaidi, kampuni moja ya Marekani, Frequency Therapeutics, ilitengeneza dawa ya kuchoma sindano sikioni ili seli zile ziote upya. Februari 2023 ikatangaza kwamba kwenye jaribio lake dawa hiyo haikushinda sindano bandia. Hao ni watu wenye maabara na mamilioni ya dola. Halafu mtu wa kijiti cha chuma anakuja Msimbati na kusema anayo.

Mimi mwenyewe vidonge nilivimeza, na sijutii. Nilitaka kujua. Chupa tatu, miezi mitatu, shilingi 240,000 zilizotoka kwenye mshahara ambao mnaujua ulivyo. Kila usiku kabla ya kulala niliandika kwenye daftari namba kutoka 0 hadi 10. Mwezi wa kwanza nilikuwa na furaha kweli, nikashuka kutoka 7 hadi 5. Mwezi wa pili nikarudi 7. Mwezi wa tatu 6, 5, 7, 6, kama bei ya nyanya. Nilipoacha nikaendelea kuandika mwezi mzima. Hesabu ikabaki pale pale, 5 hadi 7.

Daftari langu si utafiti, ni sikio moja la mtu mmoja. Lakini lilinionyesha ujanja ulipo. Mlio huu unapanda na kushuka wenyewe. Mtu hakimbilii dawa siku ambayo hali ni nzuri, anakimbilia siku imefika 9. Baada ya 9 kwa kawaida inafuata 6, hata ukimeza unga wa muhogo. Sifa anapewa muuzaji. Na muda ukipita ubongo unazoea, mlio unabaki lakini unaacha kukushtua. Sifa anapewa tena muuzaji.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliowauliza watu 1,788 wenye tinitasi kutoka nchi 53. Waliokuwa wametumia virutubisho ni asilimia 23.1. Kati yao asilimia 70.7 hawakuona tofauti yoyote, asilimia 19 walisema wamepata nafuu, na asilimia 10.3 walisema mlio uliongezeka. Sasa wale wa asilimia 19 ndio wanaopanda jukwaani kutoa ushuhuda, ndio wanaowekwa kwenye vipeperushi. Wale wa 70 wamenyamaza nyumbani kwao, wanaona aibu kusema pesa imekwenda. Ukisikiliza ushuhuda peke yake, dawa zote duniani zinatibu.

Tena vidonge hivi si maji. Ginko inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Zinki nyingi kwa muda mrefu inapunguza madini ya shaba mwilini. Mzee wa watu mwenye dawa zake za presha anaongezewa chupa na mtu ambaye hakumuuliza hata anatumia nini.

Kwa nini basi tunanunua? Wepesi wa kujibu watasema ujinga. Mimi nakataa. Sisi tumekua na kwinini. Muulize bibi yako: ukichomwa kwinini masikio yanavuma, ukimaliza dozi yananyamaza. Kwa hiyo akilini mwetu mlio wa masikio ni kitu kinachokuja na dawa na kuondoka. Ni mantiki nzuri tu. Tatizo ni kwamba mlio wa kwinini kwa kawaida ni wa kupita, na mlio wa bomu ni wa seli zilizokufa. Mtu hawezi kujua tofauti hiyo kama hakuna aliyemwambia.

Na hakuna aliyemwambia. Nilimuuliza mzee, hospitali ulikwenda? Alikwenda. Wakamwangalia kwa tochi, wakamwambia sikio safi, wakamwandikia matone, basi. Hakuambiwa limeharibika nini. Hakuambiwa halitarudi. Hakuambiwa kuna kifaa cha kumsaidia kusikia. Alitoka na swali lile lile aliloingia nalo, na yule dada wa mashine akawa mtu wa kwanza kukaa naye nusu saa na kumsikiliza. Hebu fikirini. Tapeli anashinda kwa sababu ana kiti na muda.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na mnaruhusiwa kunipinga.

Kwanza, ukweli usemwe pale zahanati. "Mzee, hili halitapona, lakini unaweza kuishi nalo." Sentensi hiyo ni bure, na ingeokoa pesa ya korosho. Baada yake yapo yanayosaidia: kupimwa usikivu, kifaa cha kusikia kwa aliyepoteza usikivu, maana sauti za dunia zikirudi mlio unafunikwa, na ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mtu kutougopa mlio. Haviuondoi. Vinapunguza mateso, na hilo limepimwa kwa tafiti, si kwa ushuhuda. Mimi nalala na feni au redio ya sauti ya chini, na inanisaidia kuliko chupa tatu. Ila mlio ukiwa wa sikio moja tu kama wangu, au usikivu ukipotea ghafla, usikae nyumbani. Muone daktari wa masikio haraka.

Pili, wenye mamlaka waamue hizi chupa ni nini. Tangu 2019 dawa ziko chini ya TMDA na vyakula vikahamia TBS. Kwenye lebo hizi chupa ni chakula, mdomoni mwa muuzaji ni dawa. Anayesema zinatibu masikio aonyeshe ushahidi kama anavyodaiwa mwenye dawa, au afunge mdomo auze chakula chake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tulinde masikio yakiwa mazima, kwa sababu ndio wakati pekee yanapolindika. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni rahisi: desibeli 85, saa 8. Kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambayo ni kawaida kabisa ukumbini, una dakika 15 tu. Mlipuko hauna hata sekunde hiyo. Mwenye ajira rasmi ana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Kijana wa kuchomelea vyuma, wa mashine ya kusaga, DJ wa harusini, mvuvi, hao nani anawasemea? Vijana wa pwani tunawaambia baruti inaua matumbawe na hawashtuki. Tuwaambie pia kwamba ukifika umri wa baba yako, mkeo ndiye atakayekuambia kumekucha.

Nimeshanunua vizibo vya masikio vya sponji. Naenda navyo kila tamasha, na wapiga picha wenzangu wananicheka. Wacheke tu. Cheko lao nalisikia.

Nyie mnaonaje? Mwenye mlio wake na aliyeuziwa chupa, karibuni mseme. Na kama una mzee nyumbani ambaye "haitiki siku hizi", usiseme amekuwa mkaidi. Hamia upande wa pili, umwamkie tena.